Mjumbe na Nyumba ya Mama Kulwa

Mjumbe wetu alikuwa na tabia ambayo wageni waliiona ni utovu wa adabu. Akifika kwako, kabla hujamwamkia, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara tatu, halafu anatega sikio. Akisikia udongo umeachana na fito, anakunja uso na kusema, "Huu ukuta unakudanganya." Ndipo unapata nafasi ya kumpa shikamoo yake, naye anaitikia marahaba huku macho yake yako juu kwenye kenchi za paa. Miaka tisa nimeishi jirani yake, na sikumbuki siku aliyoniuliza nimeamkaje kabla ya kuniuliza kama chumba kinavuja.

Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, ingawa nyumba zenyewe zilishapita hesabu hiyo siku nyingi. Palipopatikana dhahabu watu walikuja na magodoro mgongoni, na kila aliyekuja alitaka pa kulala leo, si kesho. Kijiji sitakitaja. Kilikuwa upande wa Geita, na ukiuliza njia ya kwenda huko leo utaonyeshwa uzio wa mgodi. Mimi nilikuwa mwalimu pale. Kwetu ni Shinyanga mjini, Kambarage, na nilipangiwa shule ile nikiwa bado naamini kwamba mtu akifanya kazi kwa bidii hakosi nyumba. Mjumbe ndiye aliyenitoa ujinga huo.

Alikuwa mfupi, mweusi tii, na mwaka mzima alivaa koti la mvua la kijani hata kiangazi kikali cha Septemba. Tulimtania kwamba analala nalo. Alipenda soda ya machungwa kuliko chakula, na alikuwa bahili wa kutisha. Chumvi aliomba kwangu, kiberiti aliomba kwangu, na siku niliyomwomba jembe alinieleza kwa kirefu jinsi majembe yanavyoharibika mikononi mwa walimu. Waongo aliwachukia kwa moyo wote, na yeye mwenyewe alidanganya kwa ulaini kama anayesalimia. Wachimbaji waliofulia, wale walioshuka kwenye maduara ya dhahabu miezi mitatu wakatoka na kikohozi tu, aliwaita watoto wangu. Asubuhi akiwakuta wamelala barazani kwake aliwafukuza kwa ufagio. Mchana unamwona anazunguka nyumba hadi nyumba kuwatafutia chumba.

Kisa kilichompa jina ni cha yule mwenye nyumba wa senta. Pale kwetu kodi ilidaiwa miezi sita mbele, na mpangaji akishindwa hapelekwi popote, anapandiwa tu paani na kuezuliwa bati mchana kweupe. Siku hiyo aliyekuwa ndani ni binti mwenye kichanga cha wiki moja. Mjumbe alifika bati mbili zimeshang'olewa. Hakubishana na mtu. Alipanda ngazi ileile ya mwenye nyumba, akaketi juu ya bati la tatu na koti lake la mvua, akakunja miguu.

"Mzee, shuka! Nitakung'oa pamoja na bati!" mwenye nyumba alifoka.

"Ng'oa. Mimi sasa ni mpangaji wako wa juu. Kodi yangu utanidai na mimi."

Watu walijaa, wakacheka mpaka mwenye nyumba naye akaishiwa nguvu. Mjumbe alishuka jua linazama, makalio yameungua, na binti akaachiwa chumba mpaka mwisho wa mwezi. Kisha Mjumbe akaingia ndani akamgombeza yule binti kwa nini alizaa na mtu asiye na hata banda la kuku. Binti alilia kuliko alivyolia bati lilipong'olewa. Nilimwambia Mjumbe amekosea, akanijibu kwamba huruma ameshaimaliza yote juu ya paa.

Barua zake kwa serikali niliandika mimi, maana mwandiko wake alikuwa anausoma peke yake. Alikuja wakati wa mapumziko ya saa nne, akasimama karibu na meza yangu, mikono nyuma, akaanza kuniamuru. "Andika. La kwanza, wenye nyumba wakatazwe kudai miezi sita kwa mkupuo, mtu alipe mwezi kwa mwezi kama anavyokula." Ninaandika. "La kwanza, viwanja vipimwe vidogo, vya watu wadogo, siyo vya watu wenye magari." Ninanyanyua kichwa. "La kwanza, anayehamishwa apishe nyumba baada ya kuonyeshwa nyingine, siyo kuonyeshwa barabara. La kwanza, wajane."

"Mjumbe, hayawezi yote kuwa la kwanza. Wakubwa wanataka vipaumbele."

"Wewe una paa, Mwalimu. Ndiyo maana unaweza kuhesabu."

Basi nilikuwa napeleka barua zenye la kwanza saba. Majibu yalikuja mara mbili katika miaka yote hiyo, na yote mawili yalisema barua imepokelewa na inashughulikiwa. Aliyahifadhi kwenye mfuko wa ndani wa koti pamoja na kadi yake ya kupigia kura. Nilidhani anajifariji. Baadaye nilielewa kwamba aliamini kweli. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayesubiri mtoto wake atoke kwenye mtihani.

Halafu tukasikia mgodi unapanuliwa. Kabla tangazo halijabandikwa ofisini kwa mtendaji, kila mtu alishajua mpaka utapita wapi, na watu wakaanza kutegesha. Asiyetoka huku hajui neno hilo. Tegesha ni nyumba usiyokusudia kulala. Unasimamisha miti, unakandika udongo juujuu, unaezeka, unapanda mipapai mia kwenye kipande cha kuatamia kuku, kisha unamsubiri mthamini aje akuandike, ulipwe fidia. Vijana walitoka mpaka Runzewe kuja kutegesha kwenye ardhi ya kukodi. Kila kukicha mabanda mapya yalikuwa yamesimama kwenye viazi vya watu.

Na Mjumbe wetu, adui wa waongo, alitegesha. Nyuma ya nyumba yake alisimamisha banda la vyumba viwili, na hapo ndipo nilipoona akili ya mtu aliyesikiliza kuta maisha yake yote. Wenzake walijenga mabanda yanayong'aa. Yeye alitafuta bati chakavu zenye kutu. Wiki tatu mfululizo alichoma magunzi ndani mpaka kenchi zikawa nyeusi kama za jiko la bibi yako. Aliingiza kuku na mbuzi wachafue sakafu, akatundika kalenda ya miaka iliyopita, akaegesha na kitanda kilichovunjika tendegu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Mjumbe, hii nyumba ina umri kunizidi."

"Wathamini wanataka nyumba iliyoishi," alisema. "Nimewapa iliyoishi."

Nikamuuliza imekuwaje yeye, na barua zake zote zile. Hakukasirika. Alisema miaka yote ameomba kwa mlango wa mbele, sasa amechoka, na mkewe anahitaji hospitali ya Bugando, Mwanza. Nilimwacha, maana mkewe alikuwa anaumwa kweli, na kwa sababu nilimpenda yule mzee.

Sasa Mama Kulwa. Alikuwa mjane aliyeishi bondeni, kwenye nyumba ya miti na udongo aliyojengewa na marehemu mumewe zaidi ya miaka thelathini nyuma. Watoto wake pacha walishaondoka: Dotto yuko kaburini, na Kulwa alikwenda machimbo ya mbali akapotea. Macho yake yalikuwa na ukungu. Mtu alimtambua kwa sauti. Nyumba ilikuwa imeinama upande mmoja, imetoboka, nyasi za paa zimeoza, lakini hapakuwa na nyumba ya kweli kuizidi ile katika kijiji kizima. Hakuwa na shamba jingine wala ndugu wa kumpokea. Fidia ya nyumba ile ndiyo ingemnunulia pa kufia.

Ilipotangazwa kwamba wathamini wanakuja wiki ijayo, Mjumbe alikwenda kumkagua. Aligonga ukuta, kidole kikaingia. Alirudi kwangu akiwa amekereka. "Wageni wa serikali wataingiaje mle? Watatuonaje sisi majirani zake? Aibu ni yetu." Kwetu Usukumani mgeni hapokelewi kwenye nyumba chafu, hata msibani watu wanakandika kwanza ndipo wanaita wageni. Akawakusanya wale wanaolimiana mashamba kwa zamu. Wakaja wanaume na majembe, wanawake na madebe ya maji, wakaimba kutwa mbili. Walinyoosha nguzo, wakakandika upya ndani na nje, wakatoa nyasi zote. Kanisani walichangisha bati kumi na sita mpya. Na chokaa nilitoa mimi. Ilibaki ndoo moja ya kupakia madarasa, nikaona ni jambo jema. Nikaibeba mwenyewe kichwani mpaka bondeni, nikapaka kuta mbili kwa mkono wangu.

Mama Kulwa alizunguka nyumba akiipapasa. "Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana. Mume wangu angeiona leo." Mjumbe alisimama pembeni na soda yake, amevimba kwa furaha. Sijawahi kumwona mtu anayejipenda vile kwa sababu nzuri.

Wathamini walifika Jumanne. Walikuwa vijana wenye heshima zao na vishikwambi, wameshachoshwa na uongo wa vijiji vitatu. Kwa Mjumbe waliingia kwenye lile banda, wakaziba pua, wakapiga picha kenchi nyeusi na kalenda, wakaandika. Bondeni hawakuingia hata ndani. Aliyetangulia alibonyeza ukuta kwa kidole, udongo ukabonyea ukiwa bado mbichi. Akatazama bati zinazomwekamweka, akatazama chokaa.

"Hii tegesha," alisema, akageuka.

Mjumbe alimkimbilia. "Hapana, kijana, hii ndiyo nyumba! Hii ndiyo ya kweli! Tumekandika tu!"

"Mzee, kila mtu anasema hivyo. Hata moshi haina."

Hata moshi haina. Mpaka leo maneno hayo nayasikia nikiwa nasahihisha madaftari. Mzee aliyejua kuzeesha nyumba ya uongo alikwenda akaifanya ya kweli kuwa mpya, na hakuna mmoja wetu, kijiji kizima, aliyewaza. Tulikuwa tunafagia kwa ajili ya wageni. Mama Kulwa alikuwa amesimama pale na kanga yake safi, akiuliza kwa nini wageni hawakai, maana amechemsha viazi.

Tulikata rufaa. Niliandika barua nzuri kuliko zote, na safari hii ilikuwa na la kwanza moja tu. Ukaitwa mkutano wa kusikiliza malalamiko shuleni kwetu. Mjumbe alisimama akaeleza habari ya Mama Kulwa kwa dakika nyingi, mpaka ofisa mmoja akamkatiza akiwa ameshika orodha.

"Mzee, wewe mwenyewe upo humu. Nyumba mbili. Ina maana tathmini yetu kwako ilikuwa sahihi, ila kwa jirani yako ndiyo tulikosea?"

Watu waligeuka wakamtazama. Nusu ya waliokuwa pale walijua habari ya lile banda, nami nilikuwa mmoja wao. Angesema, "Hapana, kwangu mlikosea pia, banda langu ndilo tegesha," labda wangemsikiliza, labda wangemfunga. Mdomo ulifunguka. Mkewe alikuwa amelazwa Mwanza wiki ile. Akaketi.

Na mimi sikusimama. Nilikuwa mtumishi, nilikuwa na mtoto anayesoma, nilijiambia si nyumba yangu. Niseme wazi kwamba naona haya mpaka leo, na siombi mtu anielewe.

Fidia zikalipwa. Wengine walinunua pikipiki, wengine walihonga wanawake, wengine walijenga kweli. Greda lilipita bondeni siku ambayo nilikuwa darasani, na nilisikia bati zikilia. Mjumbe alimchukua Mama Kulwa akampangishia chumba mji wa jirani kwa pesa ya lile banda. Miezi sita mbele, na baada ya hapo kodi ikapanda, na miezi sita mingine mbele. Mke wake hakupona. Shule ikafungwa, nikahamishwa kurudi Shinyanga, na namba yake ya simu ikawa haipatikani.

Miaka minne ikapita. Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikwenda kuulizia kiwanja pembeni mwa mji, kule ambako watu wanajenga kidogokidogo. Kwenye pagale moja, nyumba kubwa iliyoezekwa lakini madirisha wazi, vitenge na viroba vimetundikwa kuzuia upepo, niliona bibi anaanika michembe kwenye turubai. Alikuwa anapanga vile vipande vya viazi kwa kupapasa. Nilimwamkia kwa Kisukuma, akanyanyua uso.

"Huyu ni Mwalimu," alisema. "Mjumbe! Mwalimu amekuja kuona nyumba!"

Alitoka nyuma. Amekonda, koti la mvua halipo, mvi zimejaa. Aliipokea shikamoo yangu akiangalia chini. Mama Kulwa alinishika mkono akaniingiza ndani, akanionyesha vyumba vinne, sebule, mahali pa jiko. "Selikali inajenga polepole," alisema, "lakini inajenga. Mjumbe alisema watanikumbuka. Mimi nilikata tamaa, yeye hakukata."

Nilimtazama Mjumbe. Akaniashiria kwa mkono tutoke nje.

"Mimi mlinzi hapa," alisema tulipofika kwenye rundo la mchanga. "Bosi yuko Dar. Hanilipi, ananiachia nilale. Nilimwambia yule ni dada yangu."

"Na fidia? Umemwambia hii ndiyo fidia yake?"

"Tulifukuzwa nyumba tatu, mji hadi mji, Mwalimu. Ya tatu tulitolewa mvua inanyesha, akaniuliza, 'Mjumbe, nilimkosea nani?' Ningemjibu nini? Kwamba nimekosa mimi? Nilishindwa kulisema mbele ya watu, nikashindwa na mbele yake." Alikuwa analia, bila kujificha, mzee aliyeketi juu ya bati za mwenye nyumba. "Basi nikamwambia serikali imeanza kujenga. Kila fundi akija yeye anafurahi. Mimi kila fundi akija nahesabu kilichobaki. Nilitamani watu wote wajengewe, na sasa kila siku naomba Mungu hii isiishe."

Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumkumbatia. Kabla sijafanya lolote, gari la mizigo liliingia uwanjani, na nyuma lilikuwa limepakia milango. Milango ya mninga, imepigwa msasa, fremu na komeo zake.

Fundi aliruka chini, kijana wa Mbeya kwa lafudhi yake, mchangamfu. "Mzee, kazi imekwisha hiyo! Bosi kanipigia, wapangaji wameshalipa, wanaingia tarehe moja. Kasema nyie mtafute pa kwenda kabla ya hapo, anawashukuru sana kwa ulinzi."

"Sawa," Mjumbe alisema.

Kwa Kiswahili cha haraka namna ile Mama Kulwa hakuambulia kitu. Alikuja akijiongoza kwa ukuta, akaufikia mlango wa kwanza uliokuwa umeegeshwa, akaupapasa kuanzia juu mpaka chini, akaishika komeo akaichezesha. Kisha akapiga vigelegele, sauti nyembamba ya kizee, mpaka mafundi wakacheka na kupiga makofi. Akaanza kusema kwa Kisukuma, haraka, mkono wake ukiwa bado kwenye ule mlango. Alisema chumba cha mbele, chenye jua la asubuhi, ni cha Mjumbe. Asirudi tena kupanga kwa watu, ameshahangaika vya kutosha kwa ajili yake. Alisema nyumba ni kubwa, yeye anatosha kona moja, na Mwalimu naye akihamishwa tena aje, asione haya, hapa ni kwake.

"Wabeja, mayu," Mjumbe alimshukuru, akimwita mama.

Fundi aliuliza bibi anasema nini.

"Anasema milango ni mizuri," Mjumbe alimjibu, akashika upande wa pili wa fremu wapachike.